Mlinzi wa Ngulungu

Kapata, Kolwezi
Jumapili, baada ya misa ya kwanza

Mama yangu,

Kabla ya neno lolote nakuuliza magoti. Hasira yako siiulizi, najua ni nzima, hiyo haizeeki. Lakini magoti yanazeeka. Bado unashuka mwenyewe mpaka mtoni asubuhi, au siku hizi unamtuma Feza? Na lile jicho la kushoto lililokuwa linatoa machozi, limekauka? Maji ya Lualaba mnayochota huko Kabalo yanapita kwanza huku kwetu, Mama. Kwa hiyo kila siku kuna kitu kinachotoka kwangu kinakufika, hata ukikataa simu yangu. Hicho huwezi kukirudisha.

Sisi tuko wazima. Véronique, mkamwana wako, anakupigia magoti. Odette, mjukuu wako, anashonewa gauni la ndoa kwa fundi mmoja wa Manika, na kila akienda kulipima anarudi na habari kwamba kiuno kimehamishwa tena. Baridi ya mwezi huu ni kali. Asubuhi ukungu unalala juu ya zile nyumba za zamani za kampuni, safu kwa safu, mpaka huoni nyumba ya jirani, unasikia tu kikohozi chake. Mimi mwenyewe nina afya kuliko mwaka jana, na hiyo afya ndiyo iliyoniletea kesi.

Feza, mtoto wa dada yangu, wewe unayemsomea bibi yako: soma kila neno. Mahali nitakaposema vibaya usipatengeneze. Na bibi akisema "Inatosha, kunja," mwambie mjomba ameomba kwa heshima tufike mwisho.

Mama, mfuko niliokutumia umerudi. Blanketi, sukari, sabuni na vile vitenge viwili, vyote ndani, kamba haijafunguliwa. Fundo ni langu, nililitambua. Nilikaa nalo mlangoni muda mrefu. Mtu akirudisha kitu baada ya kukitazama, unasema hakukipenda. Lakini mama asiyefungua hata kamba? Yule baba wa treni aliyeuleta alinipa na maneno yako, akiangalia chini: "Mama yako amesema hawezi kulala ndani ya blanketi ya jasho la bantu bale uligeuza banyama. Na ku ndoa ya mutoto hatakuya."

Nilimwuliza, "Ni nani alimwambia?"

Akasema, "Ferdina." Kisha akanieleza yote aliyoyasikia.

Basi. Ferdina, mtoto wa mama mkubwa, tuliyenyonya naye karibu ziwa moja. Amekuja huku kuuza samaki wakavu, amelala kwa rafiki yake, asubuhi amekuja Kapata kwa miguu kunisalimu, ameona alichoona, amekimbia bila kubisha hodi. Hata chai hakunywa. Kutoka Kolwezi mpaka Kabalo ni safari ya malori na treni na kungoja. Siku zote hizo alikuwa na nafasi ya kufikiri, na hakuitumia.

Nitakueleza mwenyewe. Nitaanza na mgongo, kwa maana yote yalianzia mgongoni.

Unajua nilivyotoka nyumbani: shati moja, na lile koleo la Baba lenye mpini uliofungwa waya. Hakuna mjomba aliyenipokea, hakuna kampuni iliyoniandika. Nimepakia mchanga, nimesukuma mikokoteni, nimejifunza kufyatua matofali ya saruji kwa kumwibia mtu kwa macho, mpaka nikanunua mashine yangu ya mkono. Kila tofali lililotoka kwenye ua wangu kwa miaka kumi na saba ya kwanza nililiinua mimi, na tofali moja ni kilo kumi na tano. Fanya hesabu, Feza. Mgongo haujui kusoma lakini hesabu unaijua. Mwaka jana, mwezi wa mvua, uliniambia: basi. Nikawa natembea kama msumari uliopigwa vibaya. Viatu nilikuwa navalishwa na Odette. Daktari alinipiga picha, akaitazama kwenye mwanga, akasema, "Tata, upumzike." Nikamwuliza kama matofali yatajifyatua. Akacheka. Mimi sikucheka.

Ndipo mashine ikavunjika, na wakanionyesha mzee mmoja Mchina anayetengeneza mitambo ya kusagia mawe kwenye kampuni yao. Jina lake Wen. Ana miaka sabini kasoro, mwembamba kama ufito, na anasema Kiswahili chetu kwa kukikata vipande. Mama, wewe unajua mimi na hao watu tuna yetu. Malori yao yamenifundisha ladha ya vumbi. Lakini mtu anayechuchumaa mbele ya mashine ya mwenzake mpaka jua linazama, halafu ananawa mikono na kuuliza, "Mashine sasa muzuri. Weye je?", huyo siwezi kumtukana.

Nikamwambia mgongo.

Akasema, "Kesho asubuhi. Uwanja ya mupira. Mi nafanya banyama."

Mimi nikafikiri anaalika nyama choma. Nilikwenda na kisu.

Nilimkuta peke yake katikati ya ule uwanja wa zamani wa kampuni, ukungu mpaka kiunoni, amepiga magoti na mikono chini kama mnyama. Akaruka mbele mara tatu, akarudi nyuma mara mbili, akanyoosha kiuno, akatazama juu. Nikamwuliza, "Tata Wen, mbele tatu, nyuma mbili, unabakia na hatua moja tu. Vile utafika ku soko lini?" Akanitazama chini ya kwapa lake. "Chui hapana enda ku soko," akasema.

Ndiyo hii, Mama, dawa niliyoipata. Haina chupa, haina mzizi, haina unga wa kuweka mlangoni. Kwao kulikuwa na mganga mmoja wa zamani sana aliyeona kwamba maji yanayotembea hayaozi na mlango unaofunguliwa kila siku hauliwi na wadudu. Akawatazama wanyama watano, akachukua kwa kila mmoja namna anavyojinyoosha, akawafundisha wagonjwa wake. Wa kwanza ni chui mkubwa wa kwao mwenye mistari. Huyo ni wa mifupa na mishipa. Wa pili nitamtaja baadaye. Wa tatu ni dubu, wa tumbo. Wa nne nyani, wa moyo. Wa tano ndege mwenye miguu mirefu, kama korongo wetu wa mabwawani, wa mapafu. Unafanya polepole, unapumua, unatoka jasho kidogo, unavaa koti lako unaenda kazini. Wen hatozi chochote. Nilitafuta mahali hila ilipo, unanijua, sikuiona.

Nilianza mimi. Wakaniona wazee wa pansioni, wastaafu wa kampuni, wanaokaa kwenye safu yetu, wakaja kunicheka, kisha wakabaki. Wa kwanza kubaki ni Tata Mutombo, Mkasai, aliyeendesha mashine ya kampuni enzi zile na mpaka leo anavaa kofia yake ya chuma kwenda msalani. Kisha akaja Mama Béa anayeuza maandazi, na wenzake wa soko. Sasa tuko ishirini na wawili.

Siku ya dubu ya kwanza ungecheka mpaka ukae chini. Hapa hakuna aliyemwona dubu. Tata Mutombo akauliza, "Dubu, ule njo nani? Eko na mukia?" Wen akamwonyesha: mabega mazito, tumbo mbele, anahamisha mwili mguu huu, mguu huu, anayumba. Mama Béa akapiga kelele: "Ah! Ule mi namujua! Njo bwana yangu wakati analewa anatoka ku nganda!" Tangu siku hiyo mumewe anaitwa Dubu Kapata nzima, hata na katekista.

Padri naye alikuja kutupeleleza. Alitazama, akauliza kama kuna maombi yoyote tunayosema kwa wanyama. Nikamwambia hakuna, kuna kuhesabu pumzi tu. Akajaribu ndege. Mguu mmoja juu, mikono imefunguliwa, akaanguka ubavuni na kanzu yake. Aliinuka akasema ni zoezi la unyenyekevu. Muulize, ukija.

Sasa, usifikiri Wachina wenyewe wanakubaliana. Kuna binti mmoja anayewatafsiria ofisini, Mademoiselle Lan. Huyo alijifunza shuleni. Style yake ni ya kusimama: chui anasimama, dubu anasimama, wote wanasimama, kila mnyama ana miendo miwili, haipungui, haiongezeki, na muziki wa filimbi unatoka kwenye simu. Nguo yake nyeupe haipati hata doa. Wen style yake ni ya kijijini kwao, alifundishwa na babu wa mama yake: chui anatambaa, dubu analala chali ameshika magoti, na nyani ananing'inia. Kwa nyani tunatumia mwamba wa goli. Na anasema kuna nyingine nyingi, kila jimbo na yake, nyingine za kupigana, nyingine za pumzi tupu. Kuna na moja ambayo hufanyi umbo lolote, unakaa kimya tu mpaka mnyama akuingie. Hapo nilimshika mkono. Nikamwambia, "Tata Wen, ile ya mwisho usiseme hapa Kapata. Hata kwa kunong'ona."

Mademoiselle Lan akija Jumamosi wanabishana mbele yetu, na sisi tunatafsiriwa nusu. Yeye anasema, "Bazee hawa watavunja magoti, basimame!" Wen anajibu, "Nyama gani inasimama? Nyama ya ku picha." Watu wetu wakagawanyika kama kwaya mbili za parokia moja: hawa wa Kusimama, hawa wa Kutambaa. Mama Béa ni wa Kusimama kwa sababu ya kitenge chake. Tata Mutombo ni wa Kutambaa kwa sababu, anasema, amesimama miaka thelathini na moja kwenye mashine na inatosha. Mimi nilipima zote mbili. Ya kusimama ni nzuri kwa mtu ambaye mgongo wake bado mzima. Ya kutambaa inamwondolea mgongo mzigo kwanza, kisha ndiyo inaunyoosha. Nikachagua ya Wen. Na siku ambazo Mademoiselle Lan hayupo, hata wale wa Kusimama wanashuka.

Na sasa yule wa pili. Mama, wa pili ni ngulungu.

Wao wana wa kwao, mkubwa, mwenye matawi ya pembe. Lakini Wen alipouliza huku kwetu ni nani anayefanana naye, Tata Mutombo alijibu haraka, "Njo ngulungu, mbawala ya ku pori," na tangu hapo jina likabaki. Unapiga magoti na mikono chini. Unanyoosha shingo, unageuza kichwa polepole utazame nyuma yako, kushoto, kisha kulia. Na huyo, katika wote watano, ndiye dawa ya kiuno. Nilivyosikia hivyo nilitamani kucheka. Wanyama watano, na aliyepewa ugonjwa wangu ni yule ambaye ukoo wetu hatumgusi.

Sikusahau, Mama. Hiyo ndiyo inayoniuma kuliko mfuko. Unafikiri nilisahau? Najua babu alivyopotea porini wakati wa vita, ulimi umekauka, akamfuata ngulungu jike mpaka penye maji. Najua Baba alivyokuwa anasema: "Ngulungu si nyama, ni mtu wetu." Nimekaa mezani kwa watu wakubwa hapa Kolwezi, nyama ya porini imeletwa ya kuheshimiwa, nikasema nimeshiba. Kwa hiyo siku ile ya kwanza wenzangu waliposhuka, mimi nikabaki nimesimama. Na ya pili. Na zote zilizofuata. Chui nilifanya, dubu nilifanya, nyani na ndege, na kwa ngulungu nilibaki kama mtu aliyeingia kanisa la wenzake wakati wa wimbo asioujua.

Wen akavumilia, kisha akaja mbele yangu. "Weye mugonjwa ya kiuno. Ngulungu dawa ya kiuno. Juu ya nini unasimama?"

Nilimweleza. Babu, maji, mwiko. Nilifikiri atacheka, nikawa tayari nimekasirika. Hakucheka. Alikaa kwenye majani yenye umande, akasema mama yake hakula nyama ya ng'ombe mpaka kufa. Ng'ombe ndiye aliyewalimia. Ulikula mchele wa jasho lake, utakulaje mwili wake? Akafikiri kidogo, akainuka, akanishika mabega, akanisogeza mpaka ukingoni mwa uwanja, akanigeuza uso upande wa barabara.

"Ngulungu anakula majani, kichwa chini," akasema. "Nani anaangalia muwindaji? Weye. Bengine batakuwa ngulungu. Weye utabachunga."

Akaninyoosha mgongo kwa kiganja, magoti yamelegea kidogo, mikono mbele ya tumbo, macho mbali. Akasema nisimame hivyo mpaka wamalize.

Mademoiselle Lan akapinga: "Tata Wen, hakuna style yenye iko na mulinzi!"

Wen akamjibu, "Sasa iko. Style ya Kapata."

Basi hiyo ndiyo kazi yangu kila asubuhi, Mama. Wenzangu wakishuka kuwa ngulungu, mimi nasimama pembeni nikiwalinda. Na si mchezo tu, kuna kazi ya kweli: mbwa wa Kapata wakiona watu wazima wanatambaa wanapata wazimu. Mmoja alishamvuta Tata Mutombo suruali. Kwa hiyo nashika fimbo.

Sasa vaa macho ya Ferdina. Anatoka barabarani, ukungu, jua halijatoka. Anaona watu ishirini na mmoja wametambaa kwenye majani, hawasemi, wanageuza shingo kwa pamoja kushoto, wanageuza kwa pamoja kulia. Na kando ya hao nyama kuna mtu mmoja tu aliyesimama, na fimbo mkononi, naye ni ndugu yake. Halafu zoezi linaisha, wawili kati yao wanamfuata ndugu yake bila neno mpaka kwenye ua, wanaanza kufyatua matofali. Hao ni Kasongo na mdogo wake, Mama! Ni wafanyakazi wangu, wanafanya mazoezi na mimi, na walinyamaza kwa sababu ya baridi! Wanalala kwao, wana wake zao, na adhuhuri wanakula bukari kuliko mimi.

Ferdina amesema ninageuza watu wanyama ili wanifanyie kazi. Sawa. Tumfanyie hesabu yake, kwa kuwa yeye hakuifanya. Kijana mwenye nguvu na mashine ya mkono anafyatua matofali mia na hamsini kwa siku. Wafyatuaji ishirini na mmoja ni elfu tatu mia moja na hamsini. Kwa siku sita ni elfu kumi na nane mia tisa. Kila wiki, Mama! Ningekuwa nimezungushia Kolwezi ukuta, na ukibaki ningekuletea wa Kabalo. Mwambie aje ahesabu uani kwangu: kwa siku natoa mia tatu, ya watu wawili. Wale wengine kumi na tisa wananifanyia nini? Tata Mutombo, katika hali yake ya kugeuzwa, hajawahi kuniinulia hata nusu ya tofali. Anakunywa chai yangu. Kama huo ni uchawi, basi mimi ndiye mchawi wa kwanza wa Katanga anayekula hasara.

Nimecheka kuandika hayo, lakini siku mfuko uliporudi sikucheka. Niliona kitu kimoja chenye uchungu. Kama ningeshuka chini na wenzangu, nikafanya ngulungu kama wote, Ferdina angeona wazee ishirini na wawili wajinga kwenye ukungu, angeniita, tungecheka, angekula maandazi ya Mama Béa. Kilichomtisha ni yule mtu aliyesimama. Na yule mtu alisimama kwa sababu ya mwiko wenu. Nimehukumiwa kwa kile nilichokishika, Mama, si kwa kile nilichokiacha.

Hata hivyo sina moyo mbaya. Wale wanyama wanne wengine wamenisaidia, na huko kusimama kumenisaidia kuliko nilivyotegemea. Viatu ninafunga mwenyewe. Odette anasema nimekuwa mrefu. Asubuhi nikisimama pale, nikitupa jicho pembeni naona migongo ya wenzangu wote, mvuke unatoka vinywani mwao, jua linagusa kofia ya chuma ya Tata Mutombo, na mimi mtoto wa Kabalo niliyekuja bila mwenyeji ndiye ninayewalinda. Watu wakipita wananiita "Mulinzi." Jina hilo silikatai.

Lakini kiuno chenyewe, pale chini kabisa, bado kinashika. Wen anasema hapo panamngoja ngulungu. Hanisukumi. Na mimi kuna kitu nimekuwa nakigeuza kichwani, na aliye hai anayekijua ni wewe tu.

Unakumbuka siku ile nilipokuwa mdogo, nilipokata miti miwili ya muhogo, nikaifunga kichwani kama pembe, nikarukaruka uani nikijifanya ngulungu? Baba alitoka ndani akanichapa. Hakusema neno. Tangu siku hiyo nimebeba kwamba kumwiga ni mwiko, sawa na kumla. Ila juzi, nikiwa nimesimama na fimbo yangu, nikakumbuka kwamba ile mihogo ilikuwa haijakomaa, ya kando ya shamba lake jipya, na alikuwa ameipanda kwa mkono wake baada ya nguruwe wa jirani kuiharibu ya kwanza. Basi nakuuliza. Alinichapa kwa sababu ya pembe, au kwa sababu ya mihogo?

Usinijibu kwa simu ya mtu. Usimpe Ferdina jibu alete. Mfuko nimeufungua, nikaongezea koti la sufu, nikaufunga upya. Atakuletea Mama Béa mwenyewe, anakuja kumwona dada yake Kabalo baada ya wiki mbili. Mtazame vizuri, mguse mkono, muulize jina la mama yake, uone kama ni mtu au ni nyama. Na ukimwona ni mtu, panda treni naye mrudi wote. Ndoa ni mwisho wa mwezi unaofuata. Chumba chako kina dirisha upande wa asubuhi, na kutoka kitandani unaona uwanja.

Msalimie dada yangu mkubwa, mwambie mtoto wake Feza anasoma vizuri kuliko mapadri. Msalimie mama mkubwa, yeye sina neno naye, mtu hazai mdomo wa mwanawe. Shemeji yangu mvuvi, salamu, na nyavu alizoniagiza nimezipata. Katekista aliyenibatiza, kama bado anaona njia, mshike mkono kwa ajili yangu. Na Ferdina pia msalimie. Mwambie kwenye uwanja kuna nafasi moja, na kwa kazi ya dubu hahitaji kufundishwa.

Basi uje, Mama. Asubuhi moja tu ukae kwenye kiti pale ukingoni, unitazame. Ukisema ilikuwa pembe, nitabaki mlinzi wao mpaka nizikwe, na sitanung'unika. Ukisema ilikuwa mihogo, nitakupa wewe fimbo uwafukuze mbwa, na nitashuka. Sisi tunafanya tukiangalia jua linapotoka, na ngulungu anaanza kwa kugeuza shingo kushoto. Kushoto kwangu, nimepima, ndiko Kabalo.

Mimi mwanao, mwenye mgongo ulionyooka kwa heshima yako,

Ngoy